Kidonge cha Mama wa Uyoga

Kila mgodi ulipolipua baruti, mama wa uyoga alikuwa wa kwanza kutoka nje. Sisi wengine tulishazoea. Tuliendelea kuchambua mchicha huku mabati yakitetemeka, tukingoja vikombe vitulie kabatini. Yeye alitoka na chochote alichokuwa nacho mkononi, mwiko, ndoo, siku moja mto wa kitanda, akasimama katikati ya uwanja mbali na kuta. Aliitazama nyumba yake kwa mashaka, kama mtu anayemtazama ng'ombe mkali. Kelele zikiisha alisema, "Haya, leo imetuacha," akarudi ndani.

Vijana wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, walimcheka.

"Mama, baruti iko kule mbali, wewe unakimbia nini?"

"Naogopa, ndiyo," aliwajibu. "Nyinyi msioogopa ndio tunaowafukua kila masika."

Hawakucheka tena siku ile, maana masika yalikuwa yameanza.

Niliolewa Nyamongo, huko Tarime, miaka ile dhahabu ilipokuwa imewapandisha watu wazimu. Walikuja kutoka kila upande, wengine wakivuka mpaka kutoka Kenya kwa shangazi na wajomba zao, wengine wakiwa na koleo tu na jina la mtu waliyeambiwa wamtafute. Mume wangu, Marwa, alikuwa akishuka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na kila alipoondoka asubuhi nilisikiliza nyayo zake mpaka zikapotea. Hofu ilikuwa kitu cha kawaida kwetu, kama vumbi. Tulichofanya ni kuificha. Mama wa uyoga peke yake ndiye aliyeitoa nje ikaonekana na kila mtu.

Alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa mjane, mrefu, sauti nene, na kazi yake ilikuwa kulima uyoga kwenye chumba cha udongo nyuma ya nyumba. Alichemsha mabua kwenye pipa, akayashindilia kwenye mifuko ya nailoni pamoja na mbegu, akaining'iniza gizani na kumwagia maji sakafu mpaka uyoga ukachomoza kwenye matundu, mweupe na laini kama masikio ya watoto. Wenye mahoteli walimfuata wenyewe. Hukuruhusiwa kuingia na viatu. Hukuruhusiwa kukohoa. Aliweza kumfukuza mteja aliyemletea biashara ya mwezi mzima kwa sababu tu alipiga chafya mlangoni.

Alifunga mlango, akasukuma kuona kama umefungwa, akaondoka, akarudi kuusukuma tena. Hakukaa ameupa mlango mgongo. Maji ya kisima hakuyanywa, kwa sababu ya zebaki waliyooshea dhahabu. Alikinga ya mvua, na hata hayo aliyanusa kwanza. Alipenda kusema, "Mwoga hufunga mlango kabla ya mbwa kubweka." Na tulipomwambia amwachie Mungu, alisema, "Nimemwachia. Lakini yeye ana watu wengi, mimi niko peke yangu."

Lakini mtu huyohuyo, shimo likiporomoka, alikuwa akienda na sufuria la uji na kukaa na wake za waliofukiwa. Alikaa nao mpaka watu watolewe, wazima au maiti. Nilimwona mara moja akimsafisha udongo usoni kijana ambaye ndugu zake wenyewe walishindwa kumsogelea. Kitambaa kilimdondoka mara mbili. Aliokota, akaendelea.

Titi lake la kushoto lilikuwa limeondolewa kabla sijamfahamu. Mahali pake aliweka kifuko alichokishona mwenyewe na kukijaza pamba, na kilipohama alikirekebisha palepale, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji au mbele ya mchungaji, bila kukatisha maneno. Katika mambo yote aliyoyaogopa, aibu haikuwamo.

Mwanzoni nilidhani ana malaria isiyopona. Mara nyingi tukiwa tumekaa tunaongea, jasho lilimfurika ghafla kama mtu aliyemwagiwa maji, akasimama mlangoni akijipepea na mfuniko wa sufuria. "Si homa," aliniambia. "Ni kidonge."

Alikimeza kila asubuhi baada ya chai. Kilikuwa kidogo cha manjano, kidogo kuliko punje ya mahindi, na jina lililoandikwa kwenye pakiti lilikuwa letrozole. Alivyoelezwa hospitali Mwanza ndivyo alivyonieleza na mimi, kwa maneno yake.

"Sisi tuliokoma hedhi, mayai yetu yamestaafu. Lakini mafuta ya mwili hayajui kwamba tumezeeka. Yanaendelea kupika ile homoni ya kike, estrojeni, polepole bila kelele. Na saratani yangu mimi ni ya aina inayoila hiyo. Sasa kidonge hiki kinazima jiko. Kama kuna kipande cha ugonjwa kimebaki mahali, kife njaa."

"Na jasho?"

"Jasho ni moshi wa jiko linalozimwa," alisema, akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Na magoti. Na vidole. Asubuhi siwezi hata kufunga kifungo, mke wa Marwa. Mifupa inauma kama imepigwa rungu."

Daktari alikuwa amemwambia atembee, anywe maziwa, apate jua, na asiache kidonge bila kuuliza, maana alitakiwa kukimeza kwa miaka. Kila pakiti ilipokaribia kuisha alianza kuwa mkali. Alisafiri mapema kwenda kutafuta nyingine, na safari nzima, alivyoniambia, alikuwa akisali duka lisiwe limefungwa.

Sasa nije kwenye habari yangu mimi, kwa sababu kidonge hicho kiliingia nyumbani kwangu.

Nilikaa na Marwa miaka bila mtoto. Mama mkwe alikuwa akija kutoka kijijini, anakunywa chai, anatazama uwanja wangu uliofagiliwa vizuri, anasema, "Uwanja wa mwanamke hauwi safi hivi." Siku nyingine alisema waziwazi kwamba ng'ombe hawakutolewa ili mwanawe apate mtu wa kumpikia. Marwa alinyamaza. Nilikiogopa kile kimya chake kuliko maneno ya mama yake. Nikaenda Musoma kwa daktari wa akina mama, nikapimwa, nikaambiwa mayai yangu hayapevuki yanavyotakiwa. Akaniandikia dawa ya kumeza siku chache tu, mwanzoni mwa mwezi wangu. Alieleza mengi. Mimi nilikuwa nimelisikia neno "hayapevuki", na baada ya hapo sikusikia kitu.

Nilifika nyumbani, nikafungua bahasha. Pakiti ilikuwa na jina lile. Letrozole. Kidonge kilekile kidogo cha manjano.

Nilikaa chini sakafuni. Nilijua kabisa kilichotokea: nina saratani, daktari amenionea huruma, ameona nimekuja peke yangu, akaamua asiniambie. Nilijipapasa matiti yote mawili hapo hapo sakafuni nikaona kila kitu ni uvimbe. Nilifikiri mama mkwe atakavyosema. Tasa, na sasa mgonjwa.

Nikatoka, nikaenda kwa jirani yangu bila kubisha hodi, nikamwekea pakiti mkononi. Aliisoma. Nilimwona uso unabadilika, na hapo ndipo nilipoanza kulia, maana nilitegemea yeye aniambie si kitu.

"Nani kakupa?"

"Daktari. Mama, mimi nakufa?"

Hakunidanganya. Alisema, "Sijui." Akakaa. Akasimama tena. "Sijui, mwanangu. Mimi hiki nilipewa kwa ugonjwa ule. Kazi nyingine ya hiki kidonge siijui." Akavaa viatu vibaya, kushoto kulia. "Tunakwenda Musoma."

"Leo?"

"Kwani wewe utaweza kulala leo?"

Tulimkuta daktari anafunga chumba chake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mchovu, na aliturudisha ndani. Nilishindwa kusema, ikabidi mama wa uyoga aseme kwa niaba yangu, na sauti yake ilikuwa ya kugombeza kwa sababu ya woga. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika.

"Dawa ni moja, kazi ni mbili," alisema. "Kwako wewe mama, tunazima estrojeni kila siku ili saratani isipate chakula. Kwa huyu, tunaishusha siku chache tu. Ubongo ukiona imepungua, unashtuka, unatuma amri kali kwa mayai: amkeni. Basi yai linapevuka. Halafu dawa inaacha, mwili unaendelea wenyewe. Hana saratani. Nimempima."

"Hana?" mama wa uyoga aliuliza.

"Hana."

"Sema tena, nimwone akisikia."

Daktari alirudia, akinitazama. Kisha akaongeza: "Lakini msigawane. Anayepata hedhi akiwa na saratani, kidonge hiki peke yake hakimtoshi, vifuko vyake vya mayai vinaendelea kutengeneza homoni kwa wingi. Kila mtu ameandikiwa kwa sababu yake."

Nilimeza. Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Baadaye nilishika mimba, ikatoka mapema, na mama mkwe akasema ni hewa tu. Baadaye tena nikashika nyingine, na miezi yote ile nilitembea kama niliyebeba maji kwenye sinia. Binti yangu alizaliwa wakati wa mavuno ya mtama. Mama wa uyoga alikuja kumwona akasimama mlangoni, hakutaka kuingia, eti asije akamkoholea.

Sasa niseme habari ya wifi yake.

Dada wa marehemu mumewe alikuwa akiishi Nyambureti, upande wa Serengeti, mkulima wa mihogo na mtama. Naye alipata ugonjwa uleule, akakatwa titi, akapewa vidonge vilevile. Alikuwa kinyume cha jirani yangu kabisa, mwanamke mchangamfu asiyeogopa kitu, mtu wa kulala mlango wazi. Walipendana sana. Walipokutana walilinganisha magoti, nani yanamuuma zaidi, wakacheka mpaka machozi.

Siku za soko alikuwa anakuja Nyamongo mtu mmoja mwenye kipaza sauti na meza ya makopo. Alikuwa na unga wa kila namna. Akaanza kutangaza unga mpya: uyoga uliokaushwa, umechanganywa na mbegu za zabibu zilizosagwa. "Wazungu wameficha siri hii!" alikuwa akisema. "Uyoga unazima homoni ya saratani. Mbegu ya zabibu inazima homoni ya saratani. Bila kemikali, bila kuumwa mifupa!"

Ubaya wa maneno yake ni kwamba hayakuwa uongo mtupu. Mama wa uyoga alikuwa ameshamuuliza daktari wake Mwanza juu ya jambo hilo, kwa kuwa lilimhusu yeye na chumba chake. Daktari alimwambia ni kweli, kwenye maabara wamewahi kuona vitu ndani ya uyoga na ndani ya mbegu za zabibu vinavyoweza kuzuia kimeng'enya, ile chachu ya mwilini inayopika estrojeni. "Lakini maabara si mwili wa mtu," alimwambia. "Hakuna ajuaye ule kiasi gani, wala kama unafika unakotakiwa. Kula uyoga wako kama mboga. Kidonge kimeze kama dawa." Alirudi akiwa amefurahi hata hivyo, akanieleza kwa majivuno kwamba chumba chake kina akili.

Asichojua ni uyoga wa yule mtu ulikotoka. Kuna kijana alikuwa akinunua kwake ndoo nzima nzima, akisema ni wa hoteli moja ya Tarime.

Alikwenda Nyambureti kumwona wifi yake baada ya kusikia anaumwa mgongo. Alirudi siku ya pili. Nilikuwa naanika nguo. Alipita mbele yangu bila salamu, akaingia kwenye chumba cha uyoga na viatu vyake, nikajua kuna jambo.

Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Ameacha vidonge," alisema. "Tangu mwaka jana. Anakunywa ule unga. Nimemuuliza umeupata wapi, ananiambia, 'Wifi, si ni wa kwako? Yule wa sokoni amesema anachukua kwako. Ningeogopaje kitu kilichotoka mikononi mwako?'"

Ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye uti wa mgongo. Walimrudisha Mwanza, walijitahidi. Alizikwa Nyambureti kabla ya mvua za vuli. Pale msibani wanawake walikuwa wakimpisha mama wa uyoga njia kwa namna ambayo si ya heshima, na nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Ndiye aliyemuuzia." Aliyasikia. Alinishika mkono, na vidole vyake vilivyoumwa vilinibana mpaka nikaumia mimi.

Hakuna aliyemtegemea kufanya alichofanya. Siku ya soko alivaa gauni la kanisani, akaniambia, "Nisindikize, nikianguka unishike." Tulikwenda mpaka kwenye meza ya makopo. Yule mtu alikuwa katikati ya hotuba yake.

"Jina langu utalitoa mdomoni mwako," alimwambia.

Yule mtu alimtazama, akacheka, akasema kwenye kipaza sauti, "Huyu hapa mama mwenyewe! Mkulima wa dawa yetu!"

Watu wakageuka.  Akafungua kifungo cha juu, akakitoa kile kifuko cha pamba, akakiinua mbele ya soko zima.

"Mimi niliumwa," alisema. "Mnaniona. Huo uyoga ni wangu, nimeulima mimi, na ni mboga. Mboga! Wifi yangu aliacha dawa ya hospitali akala huo, na amekufa. Kama ungekuwa unaponya, mimi ninayelala nao ukuta mmoja ningekuwa namezea nini vidonge?"

 Kisha mwanamke mmoja nyuma, sikumwona uso, alirudisha kopo lake mezani.

Yule mtu hakuonekana tena sokoni, lakini kwa majuma kadhaa walikuja vijana wawili na pikipiki wakasimama mbele ya nyumba zetu, injini ikinguruma, bila kusema kitu, wakaondoka. Marwa alihamishia godoro letu kwenye chumba kilichopakana na kwake. Wenye mahoteli waliacha kununua. Walisema wateja wanauliza kama ndio ule wa maiti. Mifuko ikakauka, akaitoa mmoja mmoja, akaifukia shambani kama mbolea.

Wakati ule ndipo aliponiambia jambo ambalo sikulitegemea. Tulikuwa tunafukia pamoja.

"Na mimi niliwahi kuacha," alisema. "Wiki nyingi tu. Magoti yalikuwa yamenishinda. Nikajiambia, si ninakula uyoga kila siku. Hata wifi hakujua."

"Kwa nini ulirudia?"

"Niliogopa," alisema. "Hakuna lingine. Wifi hakuwa na akili ndogo kuliko mimi. Alikosa woga tu."

Alihama. Binti yake alikuwa amejenga Turwa, mjini Tarime, akamchukua. Sisi tulibaki Nyamongo miaka michache, kisha Marwa akaacha maduara baada ya kuvunjika bega. Tulipigiana simu. Simu zake zilikuwa fupi, alisema anaogopa salio kuisha katikati ya neno.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa Turwa, mwaka jana. Aliniita mwenyewe, akasema nije peke yangu. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki barazani, amepungua mwili, nywele nyeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapa, karibu." Hakuuliza habari za safari. "Daktari ameniachisha kidonge. Miaka imetimia. Amesema inatosha."

"Si habari njema hiyo?"

"Wote mnasema hivyo." Alitazama barabarani. "Jiko sasa liko wazi, mwanangu. Hakuna aliyekaa mlangoni."

Kisha akanishika mkono, akauingiza chini ya kwapa lake la kulia. "Hapa. Niambie kama ni mimi na woga wangu."

Palikuwa na kitu. Kidogo, kigumu kiasi, kikiteleza chini ya kidole. Nilitaka kusema hakuna. Nilikumbuka ile siku yeye aliponiambia "sijui" wakati nilipotaka kusikia uongo.

"Kipo," nilisema.

Akafumba macho. "Binti yangu nimemficha. Ndiyo maana nimekuita wewe."

Tulikwenda Mwanza. Walimchoma sindano, wakachukua kipande, tukaambiwa tungoje majibu. Nilikaa naye Turwa siku zote hizo. Hakula vizuri. Alinielekeza ni nguo gani avishwe, akanieleza nani asiruhusiwe kuongea msibani. Nami nilikuwa naitikia, naandaa chai.

Majibu yalipotoka tulikuwa tumekaa mbele ya daktari kijana aliyesoma polepole. Ilikuwa tezi iliyovimba kwa sababu ya kidonda kidogo alichokuwa nacho mkononi, si saratani. Nilimkumbatia kwa kelele. Yeye alikuwa ameketi wima, mikono juu ya mkoba, kama mtu ambaye hajaitwa bado.

Nje, kwenye benchi, alianza kulia. Nilimwacha alie. Watu walipita wakatuonea huruma, wakidhani tumepewa habari mbaya.

"Nilikuwa nimeshaitengenezea nafasi ile mbaya," alisema mwishowe. "Nilishapanga kila kitu. Hii nzuri sijui niiweke wapi."

Niliinuka nikamtafutie maji. Akaivuta kanga yangu.

"Maji baadaye," alisema. "Kaa kwanza."

Nikakaa.